FUNDI ASIGEUKE KARANI WA SIMU

Ndugu zetu mafundi wa Shinyanga na wa ukanda wa dhahabu wa Geita wamepata duka jipya. Duka hilo halina mlango wala kodi ya pango, limo mfukoni. Fundi cherehani wa Katoro akimaliza gauni hulipiga picha, picha ikaenda WhatsApp na Instagram, na kabla jua halijatua mteja wa Dodoma amekwisha kutuma fedha kwa simu na mzigo umepakiwa katika basi. Seremala wa Kahama huwaonyesha kabati lake watu wa Mwanza asiowajua hata kwa sura. Mwimbaji wa ngoma za Kisukuma, ambaye zamani sauti yake ilikomea pale ilipofikishwa na upepo, leo husikilizwa na wafugaji waliohamia Katavi na Morogoro na vijana walioko ng'ambo. Hayo ni maendeleo, nasi hatumo katika kundi la watu wanaosikitika kila chombo kipya kinapoingia nchini.

Lakini ukikaa na mafundi hao jioni, kazi zikiisha, utasikia neno ambalo halimo katika matangazo yao. Wanasema kazi imekosa ladha. Wapo waliokuwa wakishona kwa sababu mikono yao haikuweza kukaa bure, na leo wanaikalia cherehani kama mtu aliyepangiwa zamu. Sababu yake si ngumu kuiona. Hebu tuihesabu siku ya fundi mwenye duka la simu. Alfajiri anawajibu walioandika usiku. Asubuhi anamtajia mteja mmoja bei mara nne, na mteja hanunui. Kisha apige picha, achague ile yenye mwanga, atunge maneno ya kuvutia, anunue bando, apeleke mzigo stendi, amtulize yule wa Dodoma ambaye mzigo wake umechelewa, na katikati ya hayo yote afungue tena simu kuona ni watu wangapi wameitazama picha ya asubuhi. Kitambaa kinangoja mezani. Saa anayokigusa ni saa ya kuchoka. Huyu twamwita fundi, lakini kwa kweli amekuwa karani, mpiga picha, mpiga mbiu, mtunza stoo na tarishi, na ushonaji umebaki kuwa kazi ya mwisho kabla ya kulala.

Lipo jambo baya zaidi linalofuata. Siku moja fundi huyo anagundua kwamba gauni lililokwisha kushonwa, lililonunuliwa Kariakoo likiwa limetoka China, hupigwa picha kwa urahisi uleule kama lile alilolishona mwenyewe. Halina vipimo, halina kurudiwa, halina mteja wa kusema bega limebana. Basi ananunua furushi la kwanza, halafu la pili. Cherehani inafunikwa shuka. Huenda mapato yake yakapanda, hatubishi. Lakini Katoro imepoteza fundi na imepata mchuuzi mmoja zaidi, na wachuuzi Katoro inao tele.

Sisi tunaoishi juu ya dhahabu twajua vizuri maana ya mali kuondoka bila kuguswa na mkono wetu. Mgodi wa Geita ulichimbwa tangu miaka ya 1930 hadi mwaka 1966, kisha ukaanza tena kwa mitambo mikubwa mwaka 2000. Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009, nao Buzwagi umekwisha kufungwa. Kiwanda cha kusafisha dhahabu kilipofunguliwa Mwanza mwaka 2021, tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Hata hivyo kipande cha dhahabu safi bado si pete. Pete inataka sonara, na sonara anataka muda wa kukaa na moto wake pasipo mtu wa kumwuliza bei kila dakika.

Wako watakaosema: Mhariri, furaha haijazi chungu, mwacheni fundi atafute riziki. Twawajibu kwamba hatuzungumzii furaha ya kucheka. Twazungumzia ile hali ya mtu kujaribu kitu ambacho jana hakikuwapo, kikamshinda, akakirudia, hatimaye kikakubali. Fundi asiyeipata hali hiyo hatengenezi kitu kipya, na asiyetengeneza kitu kipya hubaki kushindana kwa bei tu. Katika shindano la bei, kiwanda cha ng'ambo kitamshinda kila siku ya juma. Kwa hiyo furaha tunayoitetea ina shilingi ndani yake.

Tena jambo hili Usukuma haukufundishwa na mgeni. Kabla dhahabu haijavuma, Warongo wa upande wa Geita na Biharamulo walikuwa wakiyeyusha chuma na kufua majembe, na majembe hayo yalikuwa mali kamili: yalilipa mahari na yalisafiri hadi masoko ya mbali. Vijana wa vijijini waliungana kulimiana mashamba, na katika bugobogobo ngoma iliingia shambani pamoja na jembe, hata jembe lenyewe likarushwa na kudakwa kwa mapigo. Mtaalamu Mmarekani, Frank Gunderson, alikusanya mamia ya nyimbo za kazi za Wasukuma katika kitabu kilichotoka mwaka 2010. Mamia! Watu waliokuwa wakipalilia pamba juani walipata nafasi ya kutunga, nasi wenye kivuli na umeme twasema hatuna muda.

Na hapa twataka msomaji asimame nasi kidogo, maana watu wengi hudhani kwamba ubaya wa biashara ya simu ni kule kuhesabu watazamaji. La hasha. Wasukuma wamehesabu watazamaji tangu zamani. Mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, yanayobeba majina ya waganga na wachezaji wakuu wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, huchezwa baada ya mavuno, kuanzia mwezi Juni. Pande mbili huingia uwanjani kwa wakati mmoja, na upande unaovuta watu wengi zaidi ndio mshindi. Hakuna kura wala majaji wenye karatasi. Watu huhama kwa miguu yao. Ukiona mgongo wa mtu, umempoteza. Na wachezaji huona migongo hiyo kwa macho yao wenyewe huku wakiendelea kucheza. Kwa ajili hiyo kila mwaka walitafuta jambo jipya: huyu alileta nyoka, yule nungunungu au fisi, mwingine sanamu kubwa zinazochezeshwa kama watu, na mtunzi alileta wimbo ambao hakuna aliyepata kuusikia. Padre David Clement, Mkanada, alipoiweka ngoma hiyo ndani ya sherehe za Ekaristi huko Bujora, alikuwa ameelewa jambo ambalo wenzake wengi hawakulielewa. Sisi tuliopitia shule za misheni twajua kwamba si kila padre aliyeipenda ngoma. Wengine walitutandika kwa sababu yake.

Basi kama kuhesabu watazamaji ni jadi yetu, kwa nini simu inamchosha mtunzi ambaye uwanja wa ngoma ulimtia nguvu? Twaona sababu mbili.

Ya kwanza ni majira. Mashindano yalikuwa na wakati wake, na wakati huo ulikwisha. Mvua zikianza, watu walirudi shambani, na mtunzi alitoweka machoni pa watu. Hakuna aliyemhesabia watazamaji mwezi Januari. Katika miezi hiyo aliokota maneno, akayajaribu peke yake nyuma ya ng'ombe, akayatupa yale mabovu bila aibu kwa kuwa hakuna aliyeyasikia. Duka la simu halina masika wala kiangazi. Mwimbaji akinyamaza wiki tatu, huambiwa amekwisha. Anatoa wimbo mbichi, kisha mwingine mbichi, na zile nyimbo mbovu ambazo zamani zingekufa porini leo zinabaki hadharani na jina lake juu.

Ya pili ni kwamba uwanja ulilipa upya, na simu hulipa mfano wa jana. Mwimbaji ambaye wimbo wake wa mwaka juzi ulitazamwa sana huombwa mwingine unaofanana nao, kisha wa tatu. Seremala aliyeuza kitanda cha aina fulani hupata oda kumi za kitanda kilekile. Wachimbaji wetu wanalo neno lao: marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa mara moja na kuoshwa tena kutafuta chembe zilizobaki. Marudio yana dhahabu, hatukatai; wako waliojenga nyumba kwa marudio. Lakini hajatokea mchimbaji aliyeyaita marudio duara. Lazima mtu fulani ashuke chini akaukute mwamba ambao haujaguswa.

Sasa twende kwenye mizani, maana hapo ndipo wafanyakazi na wakulima wa Kanda ya Ziwa wana historia ya kujivunia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba walikuwa wakipeleka mazao yao kwa wanunuzi, na mizani ilikuwa ya mnunuzi. Mkulima aliona sindano ikitikisika, akaambiwa ratili zake, akaondoka. Akirudi nyumbani alijiuliza kama shamba lake limezaa kidogo au kama ameibiwa. Wakulima walianza kwa jambo dogo: waliweka wapimaji wao wenyewe. Kutoka katika wapimaji vikatoka vyama, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya uongozi wa Paul Bomani, ushirika ambao ulikua hata ukawa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika. Hayo yalitendeka katika miaka ileile ambayo serikali ya kikoloni iliinyima TANU ruhusa ya kufungua matawi Usukumani, tangu 1954 hadi 1958.

Mizani ya leo haina sindano. Ni hesabu za kompyuta zinazoamua picha ya nani ionekane na ya nani izame, na mwenye mizani yuko mbali. Facebook, Instagram na WhatsApp zote tatu ni mali ya kampuni moja ya Marekani, Meta. Mwaka 2022 Instagram ilipozisukuma mbele video fupi na kuziacha nyuma picha, watu wa nchi nyingi walilalamika, hata kampuni ikalegeza baadhi ya mabadiliko hayo. Fundi wa Katoro hakushirikishwa katika mabishano hayo. Yeye aliona wateja wamepungua, basi. Akafikiri mkono wake umeharibika. Akabadili mshono uliokuwa mzuri, akaiga wa jirani. Twasema bila kusitasita kwamba hapa ndipo furaha ya kazi inapouawa: pale mtu anapojilaumu mkono kwa kosa la mizani.

Azimio la chama cha msingi halitafika ofisi za kampuni ile, na hatutawadanganya wasomaji. Tusipoweza kuishika mizani, tunaweza kuzishika zile kazi zilizo baina ya fundi na mizani: kupiga picha, kujibu, kutuma, kupokea fedha, kutunza orodha ya wateja. Kazi hizo si lazima zifanywe na mtu mmoja mmoja. Washonaji kumi wa Katoro wanaweza kuwa na duka moja la simu na muuzaji mmoja au wawili wanaolipwa na wote. Mshonaji akabaki na cherehani yake. Simu ikamfikia mara moja kwa siku, akapewa oda zilizokwisha kulipiwa malipo ya awali. Orodha ya wateja ikawa mali ya kikundi, imeandikwa kwenye daftari, ili siku mwenye mizani akibadili mizani, wateja waweze kupigiwa simu bila kumwomba yeye ruhusa.

Hatubuni jambo lisilojulikana katika Afrika Mashariki. Mwaka 1963 wachongaji wa Kikamba walianzisha chama chao cha ushirika Changamwe, Mombasa. Mchongaji alikaa na shoka lake na gogo lake, na kazi za wanachama zikauzwa katika duka la pamoja, chama kikikata sehemu yake. Husimuliwa kwamba uchongaji huo ulifika Ukambani na Mutisya Munge, aliyejifunza hapa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Ikiwa ni kweli, basi wenzetu walichukua ufundi kutoka kwetu na wakatutangulia katika kuuza kwa pamoja. Si aibu kwenda kuuliza.

Hata katika nchi za viwanda suala hili lilimsumbua mtu wa aina yetu. William Morris, mjamaa wa Uingereza aliyefariki mwaka 1896, alikuwa fundi wa vitambaa na karatasi za ukutani na pia mwenye kampuni. Mwaka 1877 alifungua duka katika Oxford Street, London. Alikuwa na wateja, madeni na hesabu za kusumbua kichwa kama mfanyabiashara yeyote. Katika miaka hiyohiyo aliingia mwenyewe kwenye mapipa ya rangi, akajifunza kutia rangi upya, mikono ikawa ya buluu kwa nili. Aliweza kwa kuwa wengine walishika daftari la mauzo. Tofauti yake na fundi wetu ni kwamba yeye alizaliwa katika nyumba ya mali. Wetu atalazimika kukipata kwa kuungana kile ambacho Morris alirithi.

Tunajua neno litakalorushwa: ushirika tuliuona. Kweli tuliuona, na wazee wa Shinyanga hawasahau. Ule ushirika mkubwa wa pamba ulikua haraka kuliko uaminifu wa baadhi ya watendaji wake, na mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ilibidi iingilie kati. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa. Sheria ya kuvirudisha ikaja mwaka 1982. Katika kupanda na kushuka huko mkulima alilipwa kwa kuchelewa, na mara nyingine hakulipwa. Anayeficha hayo hautakii mema ushirika. Lakini tazameni ulipoharibikia. Haukuharibika pale wapimaji waliochaguliwa walipokuwa wakisimama kando ya mizani mbele ya watu waliowachagua. Uliharibika ulipokwenda mbali na macho yao. Washonaji kumi wa mtaa mmoja wanaonana kila siku. Mauzo ya wiki yanaweza kusomwa kwa sauti siku ya Jumamosi, kila mtu na simu yake mkononi akilinganisha.

Lipo na jambo la mikopo. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 kwa sababu ya udhaifu wa usimamizi na ikarudishwa mwaka 2024. Ni sera njema ya Chama. Ila mara nyingi mno kikundi huundwa Jumatatu ili kupata mkopo, na Ijumaa kila mwanakikundi amekwisha kushika njia yake na fungu lake. Watu wanaungana katika deni na kutengana katika kazi. Maofisa maendeleo ya jamii wa Geita, Kahama na Shinyanga wangeweza kubadili jambo hilo bila kungoja sheria mpya, kwa kuwauliza waombaji: ninyi mtauza pamoja au mtakopa pamoja tu? Na SIDO, ambayo tangu mwaka 1973 imekuwa mlezi wa viwanda vidogo, ingefanya vema kumpa muuzaji wa kikundi mafunzo kama inavyompa fundi.

Viongozi wetu wa matawi nao wana sehemu yao. Twapenda sana kuwaita mafundi siku za maonyesho, wakae nyuma ya meza yenye kitambaa cha kijani, mgeni rasmi apite, apige picha na kikapu, aende zake. Fundi amepoteza siku tatu za kazi ili kutupamba sisi. Twashauri kinyume chake: kiongozi aende karakana, na aende miezi ya mvua, wakati hakuna sherehe, aulize ni kitu gani kinajaribiwa ambacho bado hakijakubali. Wanamuziki wa asili nao wapewe msimu wao. Kama kikundi cha ngoma kimejiwekea kutoa nyimbo kuanzia Juni hadi Septemba na kunyamaza miezi mingine, tusiwasumbue kwa mialiko ya kila mkutano wa hadhara, kisha tukalalamika kwamba wimbo wao wa safari hii unafanana na ule wa mwaka jana.

Kwa vikundi vitakavyothubutu kuanza msimu huu, tunayo maneno machache ya matumizi. Muuzaji achaguliwe kwa mwaka mmoja, na asiwe ndugu wa mwenyekiti. Kila fundi awe na siku mbili katika juma ambazo hagusi oda ya mtu, anafanya jaribio lake, na siku hizo zihesabiwe kuwa za kazi. Nguo za kununua Kariakoo zisiwekwe katika duka la kikundi. Anayezitaka afungue lake. Na ile lipa namba iandikishwe kwa jina la kikundi, fedha zitoke kwa idhini ya watu wawili, hata kama mwenyekiti atasema inachelewesha.